Umati na Mgonjwa Mmoja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Andiko letu la juma hili ni Luka 8:40-56. Naomba kila mmoja alisome lote kwa mfululizo, maana tumezoea kulikata vipande viwili: siku moja tunahubiriwa juu ya binti Yairo, siku nyingine juu ya mwanamke aliyetokwa na damu. Luka hakulikata. Alitaka tuone kwamba mambo haya yalitokea njia moja, saa moja, na katikati yake kulikuwa na kitu ambacho wahubiri huwa tunakipita mbio: umati. "Na alipokuwa akienda makutano walimsonga."

Nimekuwa nikiusoma mstari huo nikiwa na maisha ya mtu mmoja kichwani. Anaitwa Bobby Sherman, mwimbaji wa Marekani, aliyefariki tarehe 24 Juni 2025 kwa saratani ya figo, akiwa na miaka 81. Vijana wetu wengi hawamjui, na hilo lenyewe ni sehemu ya habari. Simleti hapa kama mtume wala mwinjilisti. Namleta jinsi Bwana alivyomleta Msamaria kwenye mfano wake, mtu wa nje kabisa ambaye matendo yake yanawauliza maswali watu wa ndani.

Alizaliwa Santa Monica, California, tarehe 22 Julai 1943. Mwaka 1964 aliimba kwenye sherehe moja ya waigizaji wa Hollywood, watu wakauliza huyu kijana ametoka wapi, na haukupita muda akapata nafasi katika kipindi cha muziki cha televisheni kilichoitwa Shindig!. Mwaka 1968 akaingia kwenye tamthilia ya Here Come the Brides, akiigiza kijana mwenye kigugumizi. (Ndiyo, mwimbaji aliyependwa na mamilioni akiigiza mtu anayeshindwa kutoa neno. Waliosoma habari ya Musa, mzito wa kusema, katika kitabu cha Kutoka sura ya 4 watatabasamu.) Mwaka 1969 wimbo wake "Little Woman" ukapanda hadi nafasi ya tatu nchini mwake. Nyingine tatu zikaingia kumi bora kabla mwaka 1970 haujaisha. Sura yake ikawa haikosi kwenye magazeti ya vijana kama Tiger Beat. Wasichana walibandika picha zake ukutani, na alipopanda jukwaani walipiga mayowe kiasi kwamba muziki wenyewe ulimezwa.

Hebu tukae kidogo na mayowe hayo. Kwa nje yanafanana na upendo. Maelfu ya watu wanalitaja jina lako, wengine wanalia machozi, wengine wanazimia, na kila mmoja ana hakika kwamba ukimwona uso kwa uso utamtambua. Ila wewe uliye juu ya jukwaa humwoni hata mmoja. Taa zinakupofusha, walinzi wamekuzunguka, gari linakungoja mlango wa nyuma likiwa limewashwa. Watu wote wanataka kukugusa, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeweza kuruhusiwa akuguse.

Kuna siku umati wa namna hiyo uliua. David Cassidy, aliyekuwa kipenzi cha vijana wa miaka hiyo hiyo, aliimba katika uwanja wa White City, London, tarehe 26 Mei 1974. Watu walisukumana kuelekea mbele, mamia wakaumia, na binti mmoja wa miaka 14 akafariki siku chache baadaye. Binti yule alikwenda kwa sababu ya mapenzi, na waliomsonga nao walikwenda kwa mapenzi yale yale. Hakuna aliyetoka nyumbani akikusudia mabaya. Ndiyo maana nasema umati si kitu cha kuchezea, hata ukiwa umekusanyika kwa jambo jema.

Na Bwana wetu alilijua hilo. Marko 3:9 inasema aliwaagiza wanafunzi wake waweke chombo kidogo karibu naye, kwa sababu ya mkutano, wasije wakamsonga. Tafadhali msiupite mstari huo. Mwana wa Mungu, mwenye uwezo wa kuuambia upepo unyamaze, anaweka mtumbwi tayari kama mtu yeyote mwenye akili anayejua njia ya kutokea iko wapi. Aliwahurumia makutano, aliwalisha, aliwafundisha mpaka jioni. Lakini hakuwakabidhi nafsi yake. Walipotaka kumshika ili wamfanye mfalme, Yohana 6:15 inatuambia alijitenga, akaenda mlimani peke yake.

Sasa turudi njiani pamoja na Yairo.

Yairo ni mkuu wa sinagogi, na ana haraka. Binti yake wa pekee, mwenye umri wa miaka kama kumi na miwili, yu katika kufa. Yesu amekubali kwenda naye. Umati mzima unawafuata, na kusema kweli unawachelewesha. Katika msongamano huo anakuja mama mmoja kwa nyuma. Damu imemtoka miaka kumi na miwili, yaani tangu binti Yairo alipokuwa mtoto mchanga. Marko anaongeza kwamba aliteswa na matabibu wengi, akagharimiwa vyote alivyokuwa navyo, na hali ikazidi kuwa mbaya. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa, analigusia jambo hilo kwa upole zaidi. Huwa nacheka kidogo nikifika hapo. Daktari anawastahi madaktari wenzake.

Kwa sheria ya Walawi 15 mwanamke huyu hakupaswa kumgusa mtu. Kwa hiyo hakuja mbele akapiga magoti kama Yairo. Aliunyoshea mkono upindo wa vazi tu, akapona. Na Yesu akasimama. "Ni nani aliyenigusa?"

Petro akaona swali halina maana. Makutano wote hawa wanakuzunguka na kukusonga, nawe unauliza nani? Petro ni kama meneja wa mwimbaji maarufu, anahesabu vichwa na kuangalia saa. Kwake umati ni umati. Yesu anajibu kwamba mtu mmoja amemgusa, maana nguvu zimemtoka. Katikati ya mabega mia yaliyomgonga siku ile, aliutambua mkono mmoja uliokuja na shida yake. Hakuridhika kumponya akaendelea na safari. Alimngoja atoke mafichoni, akamsikiliza mbele ya watu wote waliokuwa wakimkwepa miaka yote hiyo, akamwita "Binti". Yairo amesimama pembeni, roho mkononi, dakika zinakwenda.

Hapo ndipo maisha ya Bobby Sherman yananigusa.

Mwaka 1974 alialikwa kuigiza katika tamthilia ya Emergency!, iliyohusu wahudumu wa dharura wa Los Angeles, wale wanaokimbia na gari la wagonjwa kwenda mahali ajali ilipotokea. Kwa wengi ingekuwa kazi ya wiki moja na malipo yake. Kwake yeye kitu kilishika. Wakati huo wimbi la mayowe lilikuwa limekwisha kushuka. Tamthilia yake nyingine, Getting Together, ilikuwa imeanza mwaka 1971 na kufutwa mapema, na wasichana walikuwa wamepata picha nyingine za kubandika. Hakuiacha sanaa ghafla, aliendelea kuonekana kwenye televisheni mara moja moja kwa miaka kadhaa. Lakini alisomea kazi ya mhudumu wa dharura, akaanza kufanya kazi bega kwa bega na wahudumu wa kweli. Baadaye akawa afisa wa akiba, yaani polisi wa kujitolea, katika jeshi la polisi la Los Angeles, na kwa zaidi ya miaka kumi aliwafundisha makuruta wa chuo cha polisi huduma ya kwanza na namna ya kumrudisha mtu ambaye moyo wake umesimama. Maelfu ya polisi walipita mikononi mwake. Mwaka 1999 jeshi hilo likamtaja kuwa afisa wake wa akiba wa mwaka. Mwaka huo huo akajiunga pia na polisi wa akiba wa wilaya ya San Bernardino, akafundisha huko mpaka alipostaafu mwaka 2010.

Mwenyewe alisimulia kisa kimoja cha kuchekesha. Waliitwa mtaa wa Northridge kwa mwanamke aliyekuwa akitokwa na damu nyingi hata akazirai. Wakiwa wanamhudumia, mumewe akawa anamkazia macho Sherman. Mwishowe akashindwa kujizuia, akamwambia mkewe: tazama, ni Bobby Sherman! Mwanamke akazinduka, na jambo la kwanza lililomtoka kinywani ni kulalamika jinsi anavyoonekana vibaya. Sherman akamtuliza kwamba anaonekana vizuri tu.

Mimi nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwanamke anayetokwa na damu, na mtu mashuhuri aliyesimama kwa ajili yake. Sitaki kulazimisha mfano, maana Sherman hakuponya kwa neno. Alikuwa na bendeji, machela na mafunzo. Lakini mwendo wa maisha yake ni mwendo ule ule wa Luka 8. Alikuwa na umati uliomsonga, akageuka akamtazama mtu mmoja aliyelala chini. Wakati wa mayowe huenda mama huyo alikuwa mmoja wa maelfu ambao asingeweza kuwaona kwa sababu ya taa. Sasa aliweza kumwona, kumgusa, na kumjibu.

Hapa nina jambo la kusema kwa mkazo, maana najua mahubiri ya namna hii huelekea wapi. Wengine mmekwisha andaa hitimisho: umaarufu ni wa shetani, muziki wa dunia ni ubatili, tazama alivyouacha akapata utume. Sikubaliani. Kwanza hakuuacha kabisa. Mwaka 1998, akikaribia miaka 55 na akiwa tayari katika kazi ya polisi, alirudi jukwaani katika ziara pamoja na Davy Jones na Peter Noone, waimbaji wengine waliopendwa na vijana wa enzi zake, na kina mama waliokuwa wasichana mwaka 1970 wakaja kuimba naye. Pili, kuna habari ya siku zake za mwisho. Mkewe Brigitte alieleza kwamba mumewe alipokuwa amelala mgonjwa, alimsomea barua za mashabiki kutoka duniani kote, naye akazipokea kwa furaha, akitia na utani wake.

Barua. Fikirini jambo hilo. Umati ulikuwa umevunjika zamani, mayowe yameisha, na kilichobaki ni watu mmoja mmoja, kila mtu na mwandiko wake, wakieleza wimbo fulani uliwakuta wakiwa katika hali gani. Yule aliyekuwa sauti moja kati ya sauti elfu kumi sasa ana jina na anasikika. Siwezi kuuita upendo huo ubatili. Huenda ulikuwapo tangu mwanzo ndani ya kelele, ila kelele ilizuia usionekane. Mwanamke wa Luka naye alikuwa ndani ya umati uliomsonga Yesu. Hakuja kwa njia nyingine.

Kwa hiyo swali langu kwenu halihusu kama umati ni mbaya. Nauliza kama ndani ya umati bado tunaona mtu.

Na hapo naligeukia kanisa, hasa sisi tunaopenda kwaya na nyimbo za injili. Tunajua kutengeneza vipenzi vya vijana kama Hollywood, na pengine kwa haraka zaidi. Kijana wa miaka kumi na minne akiimba vizuri mara moja, tunampa maikrofoni kila ibada. Tunarekodi, tunasambaza, tunamwalika mikutano ya mbali, tunamwita mtumishi kabla hajamaliza shule. Nani anamuuliza kama amelala? Nani anamuuliza kama anaomba, au kama anataka tu kuwa mtoto kwa siku mbili tatu? Halafu sauti inabadilika, au anaonekana mwingine mwenye sauti nyororo zaidi, na yule wa kwanza tunamsahau bila hata kumwambia asante. Akianza kukosa ibadani tunasema amepoa kiroho.

Kuna mtoto wa Harlem, New York, aliyeitwa Frankie Lymon. Akiwa na miaka 13 sauti yake ilivuma dunia nzima mwaka 1956. Sauti ilipokomaa, milango ikafungwa. Alikutwa amekufa mwaka 1968, sakafuni mwa bafu la bibi yake, kwa dawa ya kulevya ya heroini. Alikuwa na miaka 25. Nikimtazama yeye na Sherman pamoja sithubutu kusema mmoja alikuwa mwema na mwingine mbaya. Sherman alipata umaarufu akiwa mtu mzima wa miaka 25 na ushee. Lymon alikuwa mtoto. Umri ambao mmoja alianza kuvuma ndio umri ambao mwingine alizikwa. Tusimhukumu mtoto kwa mzigo ambao wakubwa ndio waliomtwika.

Mhubiri 4:13-16 inazungumzia jambo hili kwa ukavu ambao sijaukuta penginepo katika Biblia. Kijana maskini mwenye hekima anachukua nafasi ya mfalme mzee mpumbavu, na wote waendao chini ya jua wanakuwa upande wake. Watu hawana idadi. Lakini wale watakaokuja baadaye hawatamfurahia. Mhubiri hasemi kijana alikosea mahali. Hakumtenda mtu ubaya. Watu ni wengine tu, na furaha yao imehamia kwingine. "Hakika hayo nayo ni ubatili, na kujilisha upepo." Ningependa kila kijana tunayempandisha jukwaani asomewe mistari hiyo minne siku anapopanda, akiwa na wazazi wake, na mchungaji amuahidi mbele ya kanisa kwamba siku watu watakapoacha kushangilia mlango wake bado utabishwa hodi.

Nirudi kwa Yairo, kwa sababu tumemwacha amesimama. Yesu alipokuwa bado anasema na yule mama, mtu akaja na habari: binti amekwisha kufa, usimsumbue mwalimu. Ucheleweshaji ule ulikuwa na gharama kweli. Luka haifichi. Na angalieni kinachofuata. Yesu anawaacha makutano nje. Anaingia na Petro, Yohana, Yakobo na wazazi wa binti, basi. Anamshika mkono, binti anainuka, na agizo la kwanza ni kwamba apewe chakula. Agizo la pili ni wasimwambie mtu lililotukia. Muujiza mkubwa kuliko yote ya siku ile ulifanyika chumbani bila shangwe, na mwenye kuutenda akakumbuka kwamba mtoto aliyekuwa mgonjwa atakuwa na njaa.

Kazi aliyoifanya Sherman miaka yote ile ya baadaye ilikuwa ya chumbani hivyo. Nasikia pia kicheko ndani yake: nyuma ya nyumba yake aliwajengea wanawe mfano mdogo wa mtaa wa Disneyland, kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo haliuzi santuri hata moja. Baadaye yeye na Brigitte walianzisha shirika la kuwasaidia watoto wa Ghana kupata elimu na muziki. Muziki ulirudi tena, safari hii kama kitu cha kumfundisha mtoto aliyeketi mbele yako.

Tukikutana kwenye vikundi vya nyumbani juma hili, nina mambo mawili. La kwanza, kila kikundi kitaje jina la mtu mmoja aliyekuwa akiimba au akiongoza katikati yetu na sasa hatumwoni, na wawili waende kumtembelea. Msiende kumwomba arudi kwenye kwaya. Nendeni kumjulia hali.

La pili ni la vitendo, na natumaini halitachekwa. Tuna wauguzi na matabibu katika ushirika wetu. Nawaomba watufundishe huduma ya kwanza baada ya ibada, vijana na wazee pamoja. Mtu mzima akianguka ghafla, haitikii na hapumui kawaida, tunatakiwa kuita msaada mara moja na kuanza kumbonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 na zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita mpaka msaada ufike. Ukikaa ibadani na watu mia tatu, hao ni umati. Mmoja wao akianguka, jirani yake ajue pa kuweka mikono. Wauguzi walio tayari waonane na wazee wa kanisa kabla ya Jumapili ijayo ili tupange siku na kutafuta mdoli wa kufanyia mazoezi.